Leo kwake, kesho kwako: Freddie Mercury wa Unguja na nyimbo za kuwaenzi magwiji wa roki

Usiku wa tarehe 19 Machi 2001, katika hoteli ya Waldorf Astoria jijini New York, mama mmoja aliyewahi kuishi Unguja alipanda jukwaani kwa niaba ya mwanawe aliyefariki dunia miaka tisa kabla. Mama huyo ni Jer Bulsara. Mwanawe, Farrokh Bulsara, dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Usiku huo Queen ilikuwa inaingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, yaani Jumba la Heshima la muziki wa roki. Hotuba zilipokwisha, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor walishika ala zao. Pamoja nao walisimama wanamuziki wawili wa bendi ya Kimarekani ya Foo Fighters, Dave Grohl na Taylor Hawkins, ambao walikuwa watoto wadogo Queen ilipoanza kuvuma. Wimbo waliopiga, "Tie Your Mother Down", ni wa mwaka 1976, na katika santuri sauti inayoongoza ni ya Mercury.

Kitendo hicho, cha wanamuziki walio hai kupiga wimbo wa mwenzao aliyetangulia mbele ya hadhira iliyokusanyika kumheshimu, kimekuwa desturi kuu ya hafla za Jumba hilo. Kwa wasikilizaji wa Kiswahili wa Koboko na Arua, ambao wengi wao wamelelewa kwa rumba ya Kikongo kuliko roki, desturi hiyo inaweza kuonekana kuwa mambo ya mbali. Lakini mmoja wa walioenziwa alizaliwa Mji Mkongwe, na swali linaloibuliwa na hafla hizo, yaani nani humwimbia marehemu na kwa deni gani, lina majibu yake pia mpakani mwa Uganda, Kongo na Sudan Kusini.

Jumba na kanuni zake

Jumba la Heshima lilianza mwaka 1983 likiwa wakfu lisilo na jengo. Mwasisi wake mkuu alikuwa Ahmet Ertegun, mzaliwa wa Istanbul na mtoto wa balozi wa Uturuki nchini Marekani, ambaye alibaki Marekani na kuanzisha kampuni ya santuri ya Atlantic. Hafla ya kwanza ilifanyika New York tarehe 23 Januari 1986. Miongoni mwa walioingizwa siku hiyo walikuwapo Chuck Berry, James Brown, Ray Charles, Little Richard na Elvis Presley. Presley alikuwa amefariki mwaka 1977. Sam Cooke, mwingine wa kundi hilo, aliuawa mwaka 1964. Na Buddy Holly alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1959. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza karamu hiyo ilikuwa na viti vya wasiokuwapo.

Jengo lilikuja baadaye. Lilifunguliwa mwaka 1995 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, kwenye ufuko wa Ziwa Erie. Mchoraji wake, I. M. Pei, ndiye aliyechora piramidi ya vioo ya makumbusho ya Louvre mjini Paris, na udugu wa majengo hayo mawili huonekana mara moja. Ndani yake zimehifadhiwa gitaa, mavazi, maandishi ya mkono ya nyimbo na kanda za sauti.

Kanuni iliyo na athari kubwa kuliko zote ni ya muda. Mwanamuziki hawezi kufikiriwa hadi ipite miaka 25 tangu atoe rekodi yake ya kwanza. Majina hupendekezwa na kamati, kisha hupigiwa kura na watu zaidi ya 1,000, wakiwamo wanamuziki walioingizwa zamani. Queen ilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1973, hivyo mlango ulifunguka kwake mwaka 1998, wakati Mercury tayari alikuwa amefariki. Nirvana, bendi ya Kurt Cobain aliyejiua mwaka 1994, iliingia mwaka 2014, miaka 20 baada ya kifo chake. Huenda waliotunga kanuni hiyo walikusudia tu kupima kama muziki unadumu, lakini matokeo yake ni kwamba kila hafla huwa nusu harusi na nusu matanga.

Utaratibu wa usiku wenyewe ni rahisi. Mwanamuziki mashuhuri hupanda na kumtambulisha anayeingizwa; anayeingizwa, au jamaa yake, hutoa shukrani; kisha muziki hupigwa. Kama mhusika yu hai na ana nguvu, hupiga nyimbo zake mwenyewe. Kama amefariki, wengine hupiga kwa niaba yake. Kuna pia sehemu ya kuwakumbuka wote waliofariki katika mwaka huo, na mara nyingi mmoja wao huchaguliwa kuimbiwa. Katika miaka ya mwanzo usiku ulimalizika kwa wanamuziki wote kupanda jukwaani na kupiga bila kufanya mazoezi, jambo lililowafurahisha wao wenyewe zaidi ya lilivyowafurahisha wasikilizaji.

Kumwimbia marehemu bila kumwiga

Ugumu wa kazi hiyo uko mahali pamoja: sauti. Gitaa la marehemu linaweza kupigwa na mwingine na wimbo ukatambulika. Sauti ya mtu haina mbadala, na anayejaribu kuiiga huishia kuwa mwigizaji. Ndiyo maana nyimbo za kuenzi zilizokumbukwa zaidi katika hafla hizo ni zile ambazo mwimbaji hakujitia kuwa marehemu.

Mfano ulio wazi ni wa tarehe 10 Aprili 2014, mjini Brooklyn, bendi ya Nirvana ilipoingizwa. Wenzake Cobain waliobaki hawakumtafuta mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza kama yake. Waliwaalika wanawake wanne, Joan Jett, Kim Gordon, St. Vincent na Lorde, kila mmoja kwa wimbo mmoja. Jett alikuwa na umri wa miaka 55 na Lorde miaka 17. Nyimbo zilikuwa zilezile, lakini nafasi ya Cobain ilibaki tupu, ikionekana na kila mtu.

Mfano mwingine ni wa tarehe 15 Machi 2004, George Harrison alipoingizwa kwa kazi zake binafsi baada ya kufariki mwezi Novemba 2001. Alikuwa ameshaingia mwaka 1988 pamoja na wenzake wa Beatles. Tom Petty, Jeff Lynne, Steve Winwood na Dhani, mtoto wa Harrison, walipiga wimbo wake "While My Guitar Gently Weeps". Pembeni ya jukwaa alisimama Prince, ambaye naye alikuwa anaingizwa usiku huohuo. Alinyamaza karibu wimbo mzima. Mwishoni akasogea mbele na kupiga gitaa peke yake kwa takriban dakika tatu, huku Dhani akimtazama kwa tabasamu la mtu asiyeamini. Alipomaliza alirusha gitaa juu, akaondoka. Kipande hicho cha video kimetazamwa na mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa hawajui kwamba ulikuwa wimbo wa maombolezo.

Zamu

Anayezifuatilia hafla hizo kwa miaka mingi huona jambo ambalo halimo katika kanuni yoyote iliyoandikwa. Aliyemwimbia mwenzake jana, leo anaimbiwa.

Prince alifariki tarehe 21 Aprili 2016. Katika hafla ya mwaka 2017, Lenny Kravitz alisimama kumwimbia. Tom Petty, aliyemtambulisha Harrison na kuimba wimbo wake mwaka 2004, alifariki mwezi Oktoba 2017, na hafla ya mwaka 2018 mjini Cleveland ilifunguliwa na bendi ya The Killers kwa wimbo wa Petty.

Mlolongo unaomhusu Mercury ni mrefu zaidi, na ulianza kabla Queen haijaingia Jumbani. Tarehe 20 Aprili 1992, miezi mitano baada ya kifo chake, wenzake watatu waliandaa tamasha katika uwanja wa Wembley jijini London mbele ya watu wapatao 72,000. Elton John aliimba, Robert Plant aliimba, David Bowie na Annie Lennox waliimba pamoja "Under Pressure", na Liza Minnelli akafunga kwa "We Are the Champions". Bowie alipiga goti jukwaani akasali Sala ya Bwana, jambo ambalo hadhira ya roki haikulitarajia. Lakini aliyewanyamazisha watu alikuwa George Michael, kwa wimbo "Somebody to Love". Wimbo huo una ngazi za sauti ambazo waimbaji wengi huzikwepa; yeye alizipanda zote kwa sauti yake mwenyewe, bila kumwiga mwenye wimbo.

Bowie alifariki mwezi Januari 2016, na mwezi Aprili wa mwaka huo David Byrne na wenzake walimwimbia katika hafla ya Jumba. George Michael alifariki siku ya Krismasi mwaka 2016. Alipoingizwa Jumbani mwezi Novemba 2023, wengine watatu walisimama kuimba nyimbo zake.

Taylor Hawkins, mmoja wa wale wawili waliosimama na Queen mwaka 2001, alifariki Bogotá, Colombia, tarehe 25 Machi 2022, akiwa na umri wa miaka 50. Tamasha la kumkumbuka lilifanyika Wembley tarehe 3 Septemba mwaka huo. Brian May, aliyekuwa na umri wa miaka 75, alipanda jukwaani pamoja na Roger Taylor, na mtoto wa Taylor, Rufus, akapiga ngoma. Vijana waliokuja kumzika mzee walikuwa wamezikwa na wazee, kinyume cha utaratibu ambao kila mzazi wa West Nile huuomba.

Mwana wa Mji Mkongwe

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Kizoroasta waliotoka Bara Hindi, na baba alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Akiwa na miaka minane hivi, mtoto alipelekwa shule ya bweni ya Panchgani, India, ambako alijifunza piano na kuanzisha bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea, familia iliondoka na kuhamia Feltham, nje kidogo ya London. Alikuwa na miaka 17.

Habari hizo mara nyingi hupitwa haraka katika vitabu vya Kizungu, kana kwamba maisha yake yalianza London. Yeye mwenyewe alichangia: hakupenda kuuzungumzia sana utoto wake, na jina la Bulsara aliliacha. Lakini msikilizaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuutazama ukweli ulivyo. Mmoja wa waimbaji wakubwa wa roki aliondoka nyumbani akiwa mkimbizi kijana kutoka kisiwa cha Waswahili. Kwa watu wa Koboko na Arua, ambao maelfu yao walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan baada ya mwaka 1979 na kukaa huko kwa miaka, hilo halihitaji kufafanuliwa.

Queen iliundwa London mwaka 1970. Wimbo "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975 ndio uliowapandisha daraja la juu, na tarehe 13 Julai 1985 Mercury aliuteka uwanja wa Wembley kwa muda usiofika nusu saa katika tamasha la Live Aid, lililochangisha fedha kwa ajili ya waliokumbwa na njaa nchini Ethiopia. Alifariki nyumbani kwake London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na umri wa miaka 45.

Heshima ya ugenini, mgogoro wa nyumbani

Kule New York mwaka 2001 hakuna aliyeuliza kama Mercury anastahili. Zanzibar mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2006 mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe ulipanga sherehe ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake. Jumuiya ya Uamsho ilipinga, ikisema kwamba maisha yake, na hasa mapenzi ya jinsia moja, yalikuwa kinyume na maadili ya Kiislamu na ya Zanzibar, na kwamba kumsherehekea ni kuwapotosha vijana. Sherehe hiyo ikafutwa.

Mgogoro huo haukuwa wa kipuuzi kwa upande wowote. Wapinzani walikuwa na hoja ya kidini wanayoiamini, tena walizungumzia mji wao wenyewe. Wenye biashara ya utalii walikuwa na hoja ya riziki, kwa sababu wageni hufika Shangani wakiulizia nyumba alimoishi. Waliokosa nafasi katika mabishano hayo ni wale waliotaka tu nyimbo zipigwe. Mwezi Novemba 2019 makumbusho ndogo yenye jina lake ilifunguliwa Shangani, ikiwa na picha za familia na maelezo ya miaka yake ya Unguja. Inafanya kazi hadi leo, na wageni wake wengi ni watalii.

Hapa ndipo tofauti kati ya jumba na kijiji huonekana. Jumba humheshimu mtu kwa kazi yake, likiyaacha mengine. Kijiji humjua mtu mzima: kazi yake, dini yake, madeni yake, namna alivyowatendea jamaa. Kijijini si kila msanii mkubwa huimbiwa, na si kila anayeimbiwa alikuwa msanii mkubwa.

Maradhi yasiyotajwa

Mercury aliutangazia umma kwamba ana Ukimwi tarehe 23 Novemba 1991, siku moja kabla ya kufariki. Kwa miaka kadhaa magazeti ya London yalikuwa yakimvizia mlangoni. Fedha za tamasha la mwaka 1992 zilianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao hadi sasa hugharimia kazi za kupambana na maradhi hayo, Afrika ikiwamo.

Uganda, wakati huo, ilikuwa imeshawatangulia wengi. Mwaka 1989, miaka miwili kabla ya tangazo la Mercury, mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alirejea kutoka Sweden alikokuwa akiishi na kusema hadharani kwamba ameambukizwa. Hakuwapo Mganda mwingine mwenye jina kubwa aliyekuwa amefanya hivyo. Wengine hawakumsadiki, walidhani ni njia ya kuuza kanda. Alitumia miezi iliyobaki kuzunguka shuleni na makanisani, akiimba na kueleza, huku mwili ukidhoofika mbele ya macho ya watu. Wimbo wake "Alone and Frightened" ulitungwa katika hali hiyo. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38.

Ng'ambo ya mpaka, Franco Luambo, kiongozi wa TPOK Jazz, alikuwa ametoa "Attention na SIDA" mwaka 1987, akizungumza kama mwalimu mkali kwa Kifaransa na Kilingala. Franco alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na Zaire ikatangaza siku nne za maombolezo ya taifa. Dar es Salaam, Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki mwa Kongo, aliimba kwa Kiswahili "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza matumizi ya kondomu ambao Redio Tanzania ilikataa kuupiga. Kwa hiyo, wakati roki ya Uingereza ilipokuwa bado inalinda siri, muziki wa ukanda huu ulikuwa umeshasema kwa sauti. Hilo halitajwi katika Jumba lolote.

Na Jumba lenyewe limekuwa zito kwa Afrika. Fela Kuti wa Nigeria alipendekezwa mwaka 2021 na tena mwaka 2022. Mwaka 2021 alishika nafasi ya pili katika kura za mashabiki, nyuma ya Tina Turner peke yake. Wapigakura wenye uamuzi hawakumchagua katika miaka hiyo yote miwili.

Upande wa Koboko

Koboko, wilaya iliyotengwa na Arua mwaka 2005, iko pale nchi tatu zinapokutana. Barabara ya lami ya kilomita 92 inatoka Vurra, inapita Arua na Koboko hadi mpaka wa Oraba, na ng'ambo yake ni Kaya, Sudan Kusini. Magharibi ni Kongo. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Wanubi wana Kinubi chao. Na Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya kambi za jeshi na ya wasafiri. Waliorudi kutoka uhamishoni katika miaka ya 1980 walikuja na Kilingala na Kiswahili cha Kikongo, na rumba ikaja nao. Kambi ya Lobule, wilayani Koboko, inayohifadhi wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 2013, imeongeza sauti hizo. Rumba ya Kikongo, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, haikuhitaji tangazo hilo ili ithaminiwe Koboko.

Kuhusu kumwimbia marehemu, West Nile ina utaratibu wa zamani kuliko roki. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi miongoni mwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, aliandika kwa kirefu juu ya ngoma za msiba na namna koo zinavyokuja kucheza kwa ajili ya aliyefariki. Kiini chake si burudani. Ukoo unaokuja kucheza unatimiza wajibu, na siku msiba utakapowafikia wao, watatazama nani amekuja. Asiyecheza kwa wenzake hachezewi. Ukiuondoa umeme na kamera, hilo ndilo lililofanyika Wembley mwaka 2022, Brian May aliposimama kwa ajili ya Hawkins.

Tofauti kubwa ni nani anayetunza. Maktaba na hifadhi ya Jumba la Cleveland ina kanda, barua na picha zilizopangwa kwa namba, na kijana anayetaka kupiga wimbo wa mwaka 1956 anaweza kuusikia kama ulivyopigwa. Kwa Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya muziki wa miaka ya 1960 na 1970 ilirekodiwa na redio za serikali, na hatima yake imetegemea hali ya chumba cha kanda. Redio Tanzania ndiyo iliyokuwa studio kubwa ya nchi hiyo, na kanda zake za utepe zimezua mjadala mrefu juu ya namna ya kuziokoa kabla hazijaharibika. Katika miji ya mpakani, muziki mwingi ulikaa katika kaseti zilizonakiliwa vibandani, kisha katika kadi za simu, ambazo zikipotea hakuna nakala nyingine. Mwanamuziki wa kijiji anayepiga adungu akifariki leo, mara nyingi nyimbo zake hubaki kwa wanafunzi wake tu, kama alikuwa nao.

Yupo Mganda mmoja aliyeingia katika ulimwengu wa roki kwa mlango wa mbele, na habari zake zinaigusa Koboko kwa namna isiyo rahisi. Geoffrey Oryema, mwimbaji Mwacholi, alitoroka Uganda mwaka 1977 akiwa amefichwa ndani ya gari, baada ya baba yake, waziri Erinayo Oryema, kuuawa wakati wa utawala wa Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko. Albamu yake ya mwaka 1990, "Exile", ilitolewa na kampuni ya Peter Gabriel na kusimamiwa na Brian Eno. Gabriel ameingizwa Jumbani mara mbili, pamoja na bendi ya Genesis na kwa kazi zake mwenyewe. Eno ameingizwa pamoja na bendi ya Roxy Music. Oryema alifariki Ufaransa mwezi Juni 2018. Kumpiga redioni West Nile, karibu miaka 50 baada ya aliyoyapata, ni aina ya zamu ambayo hakuna kamati inayoweza kuipanga.

Lutaaya, kwa upande wake, hajakosa waimbaji. Wimbo wake huimbwa na kwaya za shule katika maadhimisho ya Siku ya Ukimwi Duniani, na nyimbo zake za Krismasi husikika katika redio za Uganda kila Desemba, mwezi aliofariki.

Kwa anayetaka kusikia sauti za zamani zaidi, ziko rekodi ambazo Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alizikusanya katika sehemu mbalimbali za nchi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Kanda hizo zilihifadhiwa London kwa miongo kadhaa. Nakala za kidijitali zimerejeshwa na sasa ziko Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi ya muziki yenye jina lake. Kutoka Koboko ni safari ya zaidi ya kilomita 500.